Jicho la Shemeji

Harufu ninayoikumbuka zaidi ya mwaka ule ilikuwa ya mkojo wa tumbili, dawa kali ya kuoshea sakafu na ndizi zilizoiva kupita kiasi, na ilifika kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kila Jumamosi jioni ikiwa mwilini mwa baba. Alikuwa akishuka gari kwenye barabara kuu na kutembea hadi kwetu, na mama alimpokea nje akiwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni, kwa sababu hakuruhusiwa kuvuka kizingiti kabla ya kuoga nyuma ya nyumba. Hata baada ya kuoga harufu ilibaki kwenye nywele na kwenye kucha. Sisi watoto tuliizoea, na nadhani tuliipenda, kwa kuwa ilimaanisha baba amerudi na kwamba kesho yake tungekwenda naye kanisani. Majirani hawakuizoea. Mzee mmoja wa Fizi, kwetu Kongo, aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwetu alikuwa akimwita baba kwa sauti kubwa na kumuuliza kwa nini anakuja na harufu tu bila nyama, maana kwao kijijini kima alikuwa kitoweo cha heshima. Baba alicheka, akamwambia kwamba tumbili wa Kanengo wanakula vizuri kuliko wakimbizi, kwa hiyo wawaheshimu.

Baba naye ni mtu wa Fizi. Alikuwa mkulima wa mihogo huko nyumbani, na alikua akiwafukuza tumbili shambani kwa mawe na kelele. Maisha yana mzaha wake: alivuka nchi mbili na ziwa moja, akaishia kulipwa kwa kuwaosha na kuwalisha. Kazi ilikuwa katika nyumba moja ya matofali nyuma ya maghala ya Kanengo, kaskazini ya Lilongwe, isiyo na kibao mlangoni. Mahindi yalipoanza kukomaa, wakulima wa upande wa Dowa na Mponela walilalamika kwamba tumbili wanawamaliza, na wenye nyumba ile walikwenda na kibali cha serikali na mitego ya waya. Ndani ya mtego waliweka ndizi. Tumbili aliingia mwenyewe, mlango ukaanguka nyuma yake, na kufikia mchana gari dogo la wazi lilirudi Kanengo likiwa limefunikwa turubai. Wakulima walishangilia. Hakuna aliyeuliza sana wanakwenda wapi, ila sote tulijua kwamba wazima wangesafirishwa ng'ambo, kwenye maabara zinazotafuta dawa za maradhi ya watu.

Neno zito hapo lilikuwa "wazima". Maabara hazikutaka tumbili mgonjwa, kwa hiyo kila mmoja alikaa peke yake kwenye kizimba kwa majuma mengi na kupimwa kila kitu. Walimpima damu na choo, wakampa dawa ya minyoo, wakatazama meno na ngozi. Kipimo alichokisimulia baba mara nyingi zaidi kilikuwa cha kifua kikuu. Tumbili alilazwa kwa sindano ya usingizi, kisha tone la dawa likatiwa ndani ya kope la juu kwa sindano nyembamba mno. Siku zilizofuata mtu alisimama mbele ya kizimba na kumtazama usoni. Jicho likibaki wazi na safi, amepita. Kope likivimba na kufunga jicho, amebeba ugonjwa. Walichagua kope kwa sababu linaonekana bila kumshika mnyama tena. Kipimo hicho kilirudiwa kila baada ya wiki mbili, na mtazamaji, mbali na daktari, alikuwa baba. Alijivunia jambo hilo. Nyumbani alitutazama macho asubuhi na kututangazia kwamba tumepita.

Likizo ya Pasaka mwaka ule nilipelekwa kukaa naye katika chumba alichopanga na binamu yake huko Kanengo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na kazi yangu ilikuwa kupika bukari, ugali wetu, mchana na kumpelekea. Mlinzi wa lango la nyuma alikuwa akinipitisha bila maswali. Wafanyakazi walikuwa na kibanda chao cha kulia upande wa pili wa ua, chenye paa la bati linalochoma, na sheria ilisema wale huko, mbali na wanyama, na wasiwape chochote kisichotoka kwenye ghala la chakula chao. Baba alipenda kivuli cha ukuta wa nyuma. Juu ya kivuli hicho palikuwa na dirisha la wavu, na ndani ya dirisha kizimba cha mwisho, na ndani ya kizimba tumbili jike mwenye sikio lililochanika. Wanyama walikuwa na namba tu, majina yalikatazwa. Baba alimwita Shemeji.

Hapa lazima nieleze kitu, kwa sababu msomaji asiye wa kwetu anaweza kumwona baba mjinga. Kwa watu wetu, kula huku mtu mwingine anakutazama bila kumkaribisha ni jambo la aibu kuliko wizi. Mwizi anaweza kuwa na njala, lakini anayekula peke yake mbele ya macho ya mwenzake hana udhuru. Baba alilelewa hivyo na alitulea hivyo. Sasa akavua barakoa yake, akanawa mikono, akakaa chini ya dirisha, na kila alipoinua tonge akakuta macho mawili ya rangi ya chai yanamfuata kutoka sahani hadi mdomoni. Mara ya kwanza nilipomwona akimega bukari, akachovya kwenye sombe ya majani ya mihogo na kupitisha tonge katikati ya wavu, nilishtuka.

"Papa, si balikataza?" nilimuuliza.

"Balikataza, ndiyo. Lakini ona vile anatuangalia. We unaweza kula mbele ya shemeji bila kumukaribisha?"

"Ile haiko mutu, Papa."

"Na ile macho njo ya nani?"

Shemeji alikuwa amekwisha kulipokea tonge. Alikula taratibu, akilamba vidole, kisha akarudi wavuni kabisa, uso wake karibu na uso wa baba. Ikawa desturi. Baba akila alimsimulia habari za Fizi, na katikati ya habari alikohoa, akageuza kichwa, akaendelea. Kikohozi kile kilikuwa cha muda mrefu. Tumbaku ilikuwa imeanza kuingia kwenye mnada, hewa yote ya Kanengo ilikuwa vumbi la kahawia linalowasha koo, na kila mtu alikohoa. Mama alikuwa akimtumia majani machungu ya mubirizi ya kuchemsha. Alikonda, tukasema ni kazi. Alitoka jasho usiku, tukasema ni bati. Waswahili wamesema nyani haoni kundule, nasi hatukuwa na haraka ya kuliona, kwa kuwa baba alikuwa mguu mmoja wa meza na meza yetu haikuwa na miguu ya akiba.

Siku moja nilifika na sahani nikamkuta baba amesimama badala ya kukaa. Shemeji alikuwa dirishani kama kawaida, lakini alitutazama kwa jicho moja. Jingine lilikuwa limefungwa na kope lililovimba, jekundu na kung'aa. Baba ndiye aliyeliona asubuhi, na ndiye aliyekwenda kumwita daktari wa wanyama, mwanamke wa Kimalawi mwenye sauti ya chini tuliyemwita Dokta Chisomo. Sijui kama alifikiri mara mbili kabla ya kwenda. Naamini hakufikiri, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya.

Dokta Chisomo aliwakusanya wafanyakazi uani, nami nikiwa palepale ukutani na sahani yangu. Alizungumza Kichewa, nami nilikielewa kutokana na shule. Alisema mnyama huyu alipopimwa alipofika alikuwa mzima, na kipimo cha pili pia alikuwa mzima. Alisema tumbili wa porini hawana kawaida ya kuugua kifua kikuu, bali hukipata kwa watu, kwa pumzi. Kwa hiyo mtu aliyempa ugonjwa yuko katika ua huu, na kila mmoja wao aende hospitali kesho asubuhi akapimwe makohozi. Hakumtazama mtu yeyote alipokuwa akisema. Baba alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja, akijitahidi kutokohoa, na mabega yalikuwa yakimtikisika.

Hatukungoja asubuhi. Tulirudi chumbani, akafunga nguo zetu kwenye kitenge, na kabla ya jua kuzama tulikuwa Dzaleka. Alikuwa na hofu nyingi. Hakuwa na karatasi ya kumruhusu kufanya kazi mjini, na hospitali ya mjini ingeuliza karatasi. Zaidi ya hayo, kambini kwetu wakati ule ukisema kifua kikuu watu walisikia ukimwi, na wakisikia ukimwi waliacha kununua maandazi ya mkeo, na mama aliuza maandazi. Alimwambia mama kwamba atapumzika, vumbi litamtoka kifuani, kisha atatafuta kazi nyingine. Alilala siku kadhaa akiutazama ukuta. Nilimwogopea sana. Usiku nilikuwa nikisikia kikohozi chake, na kikinyamaza niliogopa zaidi.

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu asiyepandisha sauti ila kwa nyimbo. Alinihoji polepole jikoni mpaka akajua yote, habari ya jicho na ya daktari. Kisha akaingia chumbani na kusimama mlangoni, mwiko wa bukari bado mkononi.

"Ile makako yako ya Kanengo banaipimaka kila mara juu iko na bei," alimwambia. "We, nani atakununua? Njo maana unangoja kufa? Kesho tunaenda dispanseri, na kama batu habatanunua mandazi, tutayakula sisi."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Baba aliijua methali hiyo tangu utoto, lakini ni maandazi yaliyomwinua kitandani. Makohozi yake yalipelekwa kupimwa, na majibu yalikuwa yale ambayo kope la Shemeji lilikwisha kutoa. Muuguzi wa zahanati alisema wangechelewa kidogo zaidi angekuwa akitema damu. Akaanzishiwa vidonge vya miezi sita. Mama, mimi na mdogo wangu tulipimwa pia, na mdogo wangu akapewa dawa ya kumkinga. Watu waliacha kununua maandazi kwa muda, tukayala, kisha wakasahau wakarudi.

Alipopata nguvu, baba alikwenda Kanengo, akanichukua nami. Alitaka kumwambia Dokta Chisomo kwa mdomo wake habari za bukari. Dokta alimsikiliza wakiwa wamesimama langoni, akatikisa kichwa, akamwambia kwamba bukari halikuwa na shida kubwa kama pumzi. Baba akauliza Shemeji yuko wapi. Aliuawa siku ileile, alijibiwa, kwa sindano ya usingizi kwanza, hakuhisi kitu. Na wale wengine wa chumba kile? Dokta akasema wote, kwa kuwa mmoja akiugua hakuna anayeweza kuwaamini wengine. Baba alimshukuru kwa Kichewa, zikomo, akageuka. Nilijua kwamba hakuwa na hasira na daktari. Alikuwa na haya, haya ya mwenyeji ambaye mgeni amefia mezani pake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema kwa furaha mgeni akibisha hodi. Sijawahi kumsikia baba akiisema methali hiyo tena.

Siku hizi naishi Lilongwe, nashona nguo sokoni. Nyumba ile ya Kanengo sasa ni ghala la mbolea. Tumbili bado wanakula mahindi ya Dowa na wakulima bado wanalalamika. Dzaleka imejaa maradufu, na ukutani kwa zahanati pana bango linalosema ukikohoa wiki mbili njoo upimwe. Watu wanalipita wakikohoa, wakisema ni vumbi. Hakuna anayesimama mbele yao na kuwatazama macho kila asubuhi. Nimezika majirani wawili waliongoja bila kupimwa, mmoja wao yule mzee aliyetaka nyama. Alikuwa mtu wa mzaha hadi mwisho, na kifo chake kiliniuma kuliko nilivyotarajia.

Juzi msichana anayejifunza kushona kwangu alinionyesha kwenye simu picha za tumbili katika vizimba vya maabara, mahali fulani mbali. Alikuwa karibu kulia. Aliniuliza kama huo si ukatili, nikamwambia ni ukatili. Akauliza kama mimi ningepata ufunguo ningewafungulia. Mashine ilikuwa imesimama, wateja hawakuwapo, na nilikuwa na nafasi ya kumjibu vizuri. Nilimwambia ningewafungulia wote, mpaka yule wa mwisho, ila kwanza ningengoja jicho la mmoja wao livimbe, kama lile lililompeleka baba dispanseri. Alinitazama akidhani namtania. Baba, aliyepona na kurudia kilimo, alinipigia simu jioni ile kulalamika kwamba mvua imechelewa na soya yake inakauka, akalalamika kwa muda mrefu, nami nikamwacha alalamike mpaka salio lake likaisha.