Mpaka Ulipomfungia Sadiya Zaire

Sadiya hakuwa mtu wa kutulia. Hata chakula alikula amesimama, sahani mkononi, macho barabarani. Majirani zake wa Arua, Uganda, walisema tabia hiyo alitoka nayo Zaire. Mwaka 1980, vita vilipofika, yeye na mama yake, Mariam Poni, walivuka mpaka kwa miguu, wakaishi miaka sita katika kibanda cha nyasi karibu na mji wa Aru. Waliporudi, Sadiya aliapa: Zaire ataingia kununua vitu tu, lakini kulala huko, kamwe.

Alikuwa fundi cherehani. Mwezi wa nane 1989 binamu yake wa Koboko alikuwa anaolewa, na wanawake wa ukoo walitaka sare ya kitenge cha Zaire, kile kisichochuja. Hawah, jirani yake, akajitolea kumsindikiza.

“Tunaenda asubuhi, alasiri tumerudi,” Hawah alisema. “Aru iko hapa tu.”

Walipita kituo cha mpakani cha Vurra mapema, wakapanda pikapu hadi Aru, wakapata kitenge cha bluu chenye maua ya manjano. Saa saba mchana walikuwa wamerudi mpakani, kila mmoja na furushi kichwani. Wakakuta gogo la kizuizi limeshushwa na kufungwa kwa mnyororo. Malori yalikuwa yamepanga mstari, madereva wamelala chini yake kivulini.

“Mupaka imefungwa, mama,” askari akasema.

“Mpaka lini?”

“Mpaka mukubwa aseme.”

“Mukubwa iko wapi?”

“Hapana iko.”

Hakuna aliyejua sababu. Mmoja alisema wanatafuta lori lililoibwa. Mwingine alisema amesikia risasi upande wa Uganda. Sadiya akakumbuka 1980. Mwaka ule pia mambo yalianza hivi hivi, kila mtu na habari yake, na askari wasiojibu.

Hawah alinunua mihogo ya kuchoma, akakaa barazani kwa fundi mmoja jirani na kizuizi. Sadiya alikwenda kwa askari, akarudi, akaenda tena. Mara ya nne askari alimwona kwa mbali, akageuza uso.

“Dada, kaa chini,” Hawah akamwambia. “Ukienda mara mia gogo halitainuka.”

“Mama yuko peke yake. Atasikia mpaka umefungwa, atafikiri nini?”

Mwenye baraza, Paska, alikuwa akimtazama muda wote. Kifundo chake cha mguu kilikuwa kimevimba, kimefungwa kitambaa, na mbele yake palikuwa na cherehani ya miguu na lundo la nguo zilizokatwa. Zilikuwa za kwaya ya kanisa, za kuvaliwa Jumapili, na ilikuwa Ijumaa.

“Miguu yako inakataa kutulia,” Paska akasema, “na yangu inakataa kwenda. Wewe unajua hii mashini?”

Sadiya alivuta kiti, akajaribu pedali, akakaza uzi, akaanza. Alishona kola, akashona mikono, akashona pindo. Kila lori lilipowashwa alinyanyuka kuangalia kizuizi, kisha akarudi. Paska alikuwa akipitisha uzi na kushonea vifungo. Hawah, aliyedai hajui kushona, akapewa pasi ya makaa.

Jua likazama, gogo likiwa palepale. Paska aliwatandikia mkeka. Sadiya alilala kwa vipande vipande, masikio nje.

Alfajiri mnyororo ukafunguliwa bila maelezo yoyote. Nguo za kwaya zilibaki mbili tu. Paska alitaka kumkatia kitambaa cha kanga kama shukrani, lakini Sadiya alikuwa ameshafika barabarani, furushi kichwani, Hawah akimwita nyuma ampunguzie mwendo.

Nyumbani Arua mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa ameketi uani juu ya furushi la blanketi. Pembeni yake palikuwa na sufuria kubwa iliyofungwa kwa shuka pamoja na msala wa kuswalia, na kuku wawili waliofungwa miguu.

“Mama, unakwenda wapi?”

“Kukufuata.”

“Zaire?”

“Si ndiko uliko?” Mariam Poni akasema kwa hasira, kisha akamshika mkono, akaugeuza huku na huku kama anayetafuta jeraha. “Walisema mupaka imefungwa. Mimi sitabaki upande mmoja, mwanangu upande mwingine. Hapana.”

Sadiya alicheka. Akawafungua kuku. Mmoja akakimbilia kwa jirani, akichechemea.

Sare zilishonwa, zikavaliwa Koboko, na kila aliyeziona alisifu maua yake. Lakini furushi lile la sufuria mama yake alikataa kulifungua wiki nzima. Walipikia sufuria ya kuazima kwa Hawah.