Pale Mtu Anapoweka Pua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mshumaa, kiberiti na fimbo iliyochongwa alama kila shubiri. Nilitarajia mashine. Mkuu wa kituo chetu cha kupima hewa, mzee aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili kilichonyooka, aliusoma uso wangu. "Mashine ipo, binti, lakini ikiharibika tunasubiri miezi. Mshumaa hauharibiki."

Tukaenda Nyamyumba, karibu na chemchemi za maji moto, tukasimama ukingoni mwa bonde dogo lenye majani mabichi. Akafunga mshumaa kwenye ncha ya fimbo, akaushusha taratibu. Ulipofika usawa wa goti lake ukazimika, na upepo haukuwepo. Chini walilala kunguru wawili wamekufa, manyoya yao safi kabisa. Nilirudi nyuma hatua nne bila kuambiwa.

Hiyo ndiyo mazuku. Ni hewa ya kaboni, ile ile tunayoitoa puani, ila huku kwetu inapanda kutoka chini kupitia nyufa za miamba ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutambaa na kujaa kwenye mashimo kama maji. Haina rangi wala harufu. Jua na upepo wa mchana huitawanya, na alfajiri kukiwa kimya inarudi. Ndiyo maana tulipima alfajiri. "Usipime kwa urefu wako," mkuu alinionya. "Pima pale mtu anapoweka pua."

Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa, sifichi. Wenzangu walinitania kwamba napima hata kikombe cha chai kabla ya kunywa. Niliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nikaendelea kupima.

Baadaye nilihamishiwa Nyundo, chini ya afisa mazingira, mama mkali aliyenifundisha kitu alichokiita uwezo wa ardhi kubeba: kipande cha ardhi kinaweza kulisha watu kiasi fulani bila kuchoka, na wakizidi, udongo unakonda na miti inaisha. Siku moja aliniuliza watu wanaozidi huenda wapi. Nikasema mjini. Akatikisa kichwa. "Mlima hauzai mlima mwingine. Wataenda kukaa pale ambapo babu zao walikataa kukaa."

Niliporudishwa Nyamyumba nilikuta nyumba zimeshuka mpaka ukingoni mwa lile bonde la kunguru.

Moja ilikuwa ya Mama Furaha, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye kila siku alivuka mpaka kwenda Goma na beseni kichwani. Mume wake alikuwa amefariki, na kiwanja kile ndicho pekee alichopata. Aliomba kibali cha kukaa. Nilifika alfajiri, nikauliza wanalala wapi. Akanionyesha kitanda kipya cha mbao, akakipigapiga kwa fahari. "Sisi bote batatu tunalalaka hapa, mama. Mimi, Furaha na Amani."

Usawa wa godoro mwali wa mshumaa ulisimama vizuri. Nikaushusha sakafuni, ukapungua, ukayumba, ukabaki kidogo tu. Haukuzimika. Nilimhurumia yule mama. Nikaandika: salama, mradi walale kitandani. Nikatia sahihi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilikutana naye karibu na mpaka, anacheka peke yake.

"Nimepata bageni, mama. Dada yangu na bwana yake, batoka Goma jana. Kitanda nimebapatia."

Bila shaka alikuwa amewapatia. Nani kwetu humlaza mgeni chini?

"Na watoto?"

"Tulilala chini na bo, ku mukeka. Nimebaacha kule. Leo banalala sana, nimeita Furaha, hata hakujibu. Na mi kichwa inaniuma kidogo, ni hii safari ya mapema."

Nilimwambia ampigie dada yake, simu haikushika. Nikasimamisha pikipiki mbili. Mama Furaha alitua beseni lake barabarani, akapanda. Njia nzima kando ya ziwa niliiona sahihi yangu, ile herufi ya kwanza ninayoikunja kwa madaha.

Mlango ulikuwa umefungwa, na kitambaa kimesokotwa chini yake kuzuia baridi. Tuliusukuma. Wageni walikuwa kitandani, wakilalamika kuumwa kichwa. Nilibana pumzi, nikainama nikamnyakua Amani; mama yake akambeba Furaha. Nje Furaha alitapika, akalia. Amani hakulia. Nilimlaza penye upepo, nikampulizia mdomoni, nikampulizia tena, huku mama yake amekishika kisigino chake kimoja. Kisha akakohoa. Sijasikia sauti nzuri kama kikohozi kile.

Nilikichana kibali mbele yake, nikamwambia ahame. Alinitazama bila hasira.

"Bon, mama. Tutaenda wapi? Unionyeshe pahali."

Nikatazama juu: mlima umelimwa mpaka kileleni. Nikatazama chini: nyumba mpaka majini. Niliona haya. Nilichoweza ni kuchukua chaki na kuchora mstari ukutani, chumba kizima, usawa wa godoro lile, nikawaapisha kwamba pua ya mtu isishuke chini yake. Nikaandika ripoti. Nilijibiwa kwamba viwanja vinatafutwa.

Sasa nimestaafu, ninakaa Nengo. Fimbo niliiacha kituoni, uoga nikaondoka nao. Kila alfajiri isiyo na upepo ninaamka na kuukumbuka mstari ule, na nyinyi mtakaoshika kazi hii mtaamka hivyo hivyo.

Wiki iliyopita Mama Furaha alinipigia simu. Furaha, ambaye ni mtu mzima sasa, amejifungua. Yeye na bwana yake wamerudi kukaa pale pale nyumbani. Amani naye ameoa. Nilimpongeza kwa moyo wote, tukacheka. Kisha nikauliza mtoto analala wapi.

"Kitanda imejaa, mama."