Nilivyoona aibu kuomba wembe mpya Bukiriro

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mwenyewe, si "rafiki yangu mmoja".

Nina miaka hamsini na moja, digrii mbili na mgongo mbovu.

Mwaka jana shemeji akaniambia Bukiriro kuna mama anapiga chuku. Anakuchanja mgongoni kwa wembe, anabandika pembe ya ng'ombe, inanyonya damu "mbaya".

Digrii zikabaki Ngara mjini. Mimi nikapanda bodaboda.

Nilimkuta Mama Adela anamalizana na mzee mmoja. Shikamoo, marahaba. Mzee akavaa shati. Mama Adela akaufuta wembe ule ule kwa kitambaa, akasema, "Haya mwalimu, inama."

Kitambaa nilikiona. Homa ya ini naijua, UKIMWI naujua. Nimewahi hata kuendesha semina ya mambo hayo, na chai ikatolewa.

Lakini umwambie mama wa watu wembe wake mchafu, kwake, mbele ya mzee aliyetangulia? Nikainama.

Kesho yake mke wangu akaona chale.

"Wembe ulikuwa mpya?"

Nikamsimulia habari ya kitambaa.

"Digrii mbili, umeshindwa kuomba wembe! Mpaka upime, chumba cha wageni ni chako."

Alikuwa sahihi. Mimi nilijichagulia, yeye hakuulizwa.

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi, binti wa umri wa mwanangu, akauliza, "Baba, ulimwona akiufuta?"

"Ndiyo."

"Na ukabaki?"

"Nilishavua shati."

Aliandika. Sijui aliandika nini.

Saa 72 zilikuwa hazijapita, nikapewa PEP, dawa za kinga za VVU, siku 28. Nikapimwa homa ya ini, nikaanza chanjo yake. Kichefuchefu nilikipata, huruma ya nyumbani sikuipata.

Miezi ikapita, vipimo vya mwisho vikatoka safi. Nikarudishiwa kitanda changu.

Nikarudi Bukiriro na pakiti ya nyembe. Njia nzima nilikariri namna ya kumwambia bila kumvunjia heshima. Nikamwambia yote.

Mama Adela akacheka, akafungua kopo. Limejaa nyembe mpya.

"Hizi ni za wanaoomba. Wewe msomi hukuomba, nikajua una sababu zako."

Nikamsihi asisubiri kuombwa. Akasema atafikiria. Pakiti yangu akaipokea.

Somo nililopata: kuona aibu kulichukua dakika moja, kumeza dawa siku 28. Omba wembe mpya ukiwa bado umevaa shati.

Sasa semeni wakuu: nani amewahi kumwambia kinyozi wake abadilishe wembe? Ulianzaje hiyo sentensi?