Maharage Niliyoyachambua

Wengi hudhani anayehama nchi kwa meli lazima awe amevuka bahari. Mimi nilivuka ziwa tu, Tanganyika, kutoka Kigoma hadi Uvira, nimeketi juu ya mifuko ya saruji kwenye meli ya mizigo, na nilitapika njia nzima. Mume wangu, fundi mbao aliyekaa kwetu miaka ya ukimbizi na sasa alikuwa anarudi kwao Masisi, alinishikia kilemba akiniapia kwamba kwao hakuna mawimbi. Ni kweli, hayapo. Habari ya milima hakunigusia.

Baada ya Uvira tulipanda gari, kisha meli nyingine ndogo ya Ziwa Kivu hadi Goma, kisha pikipiki kwenye matope mpaka Nyabiondo. Nilifika na tope hadi kwenye nyusi. Mama mkwe alinitazama, akacheka, akanipashia maji ya kuoga. Nilimpenda hapo hapo.

Majirani wao walitazama viganja vyangu. Mtoto wa muuza dagaa, jembe nilikuwa sijalishika. Mmoja alisema, nami nimesimama pale pale, kwamba nitarudi na meli kabla ya mavuno. Mimi ni mwepesi wa hasira, nikajibu ovyo. Lakini moyoni niliogopa. Kwetu nilikuwa nimeagwa kwa ngoma na machozi, na huku mke asiyeweza shamba watu wanamwona mgeni tu. Nilitaka sana kubaki.

Siku za kupanda zilipokaribia, mama mkwe aliitwa aende Kibua, upande wa Walikale, kwa kuwa binti yake alikuwa karibu kujifungua. Aliniachia kitunga cha mbegu za maharage.

"Panda hii yote kwa ule mulima," alisema. "Mvua ikianza, usingojee."

Nilipofungua kitunga nilisikitika. Nyekundu, nyeusi, njano, nyeupe, zenye madoa, kubwa kwa ndogo, zote pamoja. Sokoni kwetu mchanganyiko kama ule hakuna anayeununua, maana hauivi kwa pamoja. Nikasema hapa ndipo nitawaonyesha kazi. Nilikaa mkekani siku mbili nikichambua. Nyekundu kubwa, zilizonipendeza, nikazipanda mlima mzima. Zilizobaki nikazipika, chungu baada ya chungu. Mume wangu alikula akasifu. Yeye maharage anayajua yakiwa kwenye sahani.

Mvua ikanyesha wiki tatu bila kupumua. Nyekundu zangu ziliota, zikageuka njano, zikaoza. Mashamba ya wenzangu yalikuwa na mapengo hapa na pale tu, kwa sababu aina moja ilipokufa nyingine ilisimama. Nililielewa hilo nikiwa katikati ya mlima mtupu, na nilijitukana kwa sauti.

Mama mkwe aliporudi alipitia shambani kabla ya kufika nyumbani.

"Ile ingine iko wapi?" aliniuliza.

"Tuliila, mama."

Akakaa chini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba mbegu ile alipewa na mama yake siku alipokuja kuolewa, na kila walipokimbia vita aliibeba yeye mwenyewe. Niliingia ndani nikaanza kukunja nguo zangu.

Asubuhi alinikuta na furushi. "Acha hizo nguo. Beba kitunga, twende."

Tulikwenda kwa wanawake anaosali nao, mmoja mmoja. Miaka ya nyuma wote walikuwa wamepata mbegu kwake, huyu baada ya kukimbia, yule baada ya kuunguliwa nyumba. Wa kwanza alikuwa yule yule aliyenitabiria meli.

"Nipatie mbegu kidogo, dada," mama mkwe alimwambia. "Yangu imeisha."

"Weye? Imeisha namna gani?"

"Niliipika."

Nilifungua mdomo. Akanikanyaga mguu, na hakunikanyaga polepole.

Yule mama alinitazama kwa jicho la pembeni. "Nilizani ni huyu wa ng'ambo njo aliipika."

"Hapana. Ni mimi, kabla ya kwenda Kibua. Yeye alinikataza. Mi sikusikia. Ni uzee."

Mama yule alicheka mpaka akashika mlango, kisha akaingia ndani akaleta viganja viwili vya mbegu. Nyumba ya pili walicheka zaidi. Ya tatu walimwita mume wa nyumba aje asikie. Mama mkwe, mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwendea kuomba mbegu, alisimama kila mlango akichekwa kwa kosa langu, na alicheka pamoja nao. Mimi nilishika kitunga na kuangalia chini. Kilipojaa, rangi zote zilikuwamo isipokuwa nyeupe.

Njiani kurudi nililia waziwazi. Nikamuuliza kwa nini amedanganya, naye ni mtu wa kanisa.

"Mungu atanisamehe, tunajuana," alisema. "Mi wakinicheka, watanipeleka wapi? Niko wa hapa. Weye hawajakujua bado."

Kisha akaniambia niharakishe, zimebaki siku chache za kupanda, na akapita mbele kunionyesha pa kukanyaga.