Mtoto Mmoja Mwenye Majina Mia Moja na Kumi na Mawili

Walimwita Injinia. Cheo hicho hakupewa na chuo chochote. Alijipa mwenyewe, watu wakamwachia maana kubishana naye kunachosha. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za shule, na wiki ile alikuja na mashine yake mpya, yenye mfumo tofauti na wa wenzake wote. Injinia hatumii kitu ambacho na jirani anacho.

Shangazi yake alikuwa karani wa shule hiyohiyo, mwaka wa thelathini sasa, na orodha ya watoto wa mtihani aliichapa yeye siku zote. Safari hii Injinia akamwambia apumzike, ni kazi ya dakika kumi. Shangazi akapumzika, kakunja uso.

Orodha ikatumwa asubuhi. Saa nne simu ikalia, mama wa ofisi ya mitihani anasema kapokea mtoto mmoja.

"Mmoja vipi, mama? Ni mia moja na kumi na wawili."

"Kwangu ni mmoja, baba. Jina lake limeanzia hapa limetokea mlangoni. Saa kumi nafunga. Asiyekuwemo hafanyi mtihani."

Na binti yake Injinia alikuwa humo.

Akafungua faili lake. Kwake kila jina lilikaa mstari wake, safi kabisa. Akatangaza kwamba wenye kosa ni wa ofisini na mashine yao kuukuu. Kisha akamkumbuka binti yake, akanywea. Akaenda mwisho wa kila jina, akafuta nafasi, akabonyeza upya kitufe cha kushusha mstari, mmoja baada ya mwingine mpaka wakaisha wote, anakigongagonga utadhani kitufe ni kiziwi. Akatuma. Saa nane jibu likaja: mtoto ni yuleyule, bado mmoja.

Akazima mashine, akawasha. Akalaumu waya. Mwalimu mkuu akaja mlangoni mara tatu kutazama saa ya ukutani, heri angetukana.

Shangazi akavuta kiti, akamuuliza hicho kitufe kinafanya nini hasa. Injinia akamjibu kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu: kinashusha mstari, basi.

"Basi?" shangazi akasema. "Taipureta yangu ilikuwa na kazi mbili pale. Unarudisha kigari mwanzo wa mstari, halafu unasogeza karatasi ipande. Ukifanya moja ukaacha ya pili, umeharibu. Hiyo yako inafanya ngapi?"

Injinia akafungua mdomo amkatize, akaufunga. Ndiyo mara ya kwanza watu kumwona akiufunga. Akatafuta orodha ya mwaka jana, ile aliyoichapa shangazi kwenye kompyuta ya zamani, akaifungua sambamba na yake kwa programu inayoonyesha alama zilizojificha. Ya shangazi, mwisho wa kila jina kuna alama mbili: ya kurudi mwanzo na ya kushuka. Ya kwake, ya kushuka peke yake. Mashine ya ofisini ilikuwa inangoja zote mbili, na ilipoona moja ikadhani jina bado linaendelea. Hata angebonyeza mpaka vidole viote sugu, mashine yake ingeweka ileile moja.

Dawa ilikuwa kwenye ukurasa wa kuhifadhi faili, kisanduku kidogo cha kuchagua aina ya mistari, ambacho Injinia alikuwa akikiruka miaka yote kwa kuwa anajua. Akachagua, akahifadhi, akatuma. Saa kumi kasorobo.

Simu ilipolia hakuweza kuishika. Akaipokea shangazi, akasikiliza, akaomba asomewe jina la binti. Akasomewa.

"Wamefika wote," akasema, akaweka simu chini.

Injinia akashusha pumzi, akajipangusa uso. Halafu akageuka kumweleza mwalimu mkuu jinsi alivyozishuku alama hizo tangu asubuhi. Mwalimu mkuu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akampita, akaenda kumpa shangazi mkono.