Sauti Si Maziwa

Mama yangu kule Sugoi alikuwa akihamisha maziwa kutoka kibuyu hiki hadi kile bila tone kumwagika. Shule sikukaa sana, kwa hivyo mengi nilijifunza kwa mikono yake.

Juzi Mzee Otieno, mshona viatu wa Huruma, akaniletea kwenye kibanda changu cha kurekodi muziki kaseti iliyochakaa ya marehemu mkewe akiimba jikoni. Alitaka sauti ihamie kaseti mpya. Nikahamisha. Nikasikia mvumo, nikadhani kaseti mpya ndiyo mbaya, nikahamisha tena kutoka hiyo hadi nyingine, na tena. Zile nilizokwisha kuzihamisha, hata yake, nikarekodia wateja rumba, kwani kibuyu ukishamimina si kinabaki kitupu?

Mzee akaja na shati la Jumapili. Nikawasha. Mvumo ulijaa kibanda, na mbali, kama mtu wa ng'ambo ya mto, mkewe akaimba.

“Huyu nani?”

“Ni mama mwenyewe, Mzee.”

“Mke wangu alikuwa anaimba hapa,” akagusa sikio. “Weka ile yangu.”

Nikaiweka. Yakalia magitaa.

Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha, akavaa kofia, akaondoka. Kaseti ya mvumo bado namwekea, lakini hajarudi.