Namba ya mezani tuliyoihamishia kwenye faiba iliita siku tunazika mgomba

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta zaidi ya mara moja. Niliogopa mtaniuliza nimevuta nini. Leo nimesema liwalo na liwe. Chumvi sijatia, na pale ambapo sijui jibu nitasema sijui.

Mimi ni mtoto wa kike, Mkurya, naishi na mama Bomani hapa Tarime. Chumba cha mbele cha nyumba yetu nimekifanya duka la stationery. Naprinti, natoa kopi, naombea watu kazi na vyuo online.

Sebuleni kwetu kuna simu ya mezani. Ya kijivu, ya kubonyeza, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni tu.

Simu ile aliiweka marehemu baba, enzi ambazo kuwa na simu nyumbani ilikuwa heshima mtaa mzima. Alitukaririsha namba yake kabla hatujajua hata kusoma. Jioni anakusimamisha mbele yake, anauliza, "Umepotea. Unasema nini?"

Unataja namba yote, tarakimu moja moja. Ukikosea unaanza upya. Ukimaliza vizuri anakujibu, "Hapa ni nyumbani. Njoo." Ndipo unaruhusiwa kusogea kwenye chakula.

Ulikuwa mchezo wetu wa ndani, mimi, kaka yangu Mwita na wazazi. Mwita ndiye alikuwa anakosea sana. Alikuwa anarudia mpaka ugali unapoa, na mimi nakasirika kwa sababu tunamsubiri.

Mwita alipokua akapata kazi ya ufundi pampu kwenye kambi moja ya watalii, upande wa Natta kule Serengeti. Namba za mkononi hakuwahi kuzishika kichwani, hata ya kwake mwenyewe. Akitaka kuongea na mama alipiga hii ya mezani.

Mchana mmoja, mvua inanyesha, alitoka kambini kwenda kuangalia pampu mtoni. Hakurudi.

Walimtafuta wenzake. Askari wa wanyamapori wakamtafuta. Sisi ndugu tukaenda, tukatafuta mpaka tukachoka. Ilipatikana kofia yake peke yake. Wanaoishi kule wanajua ule mto ukijaa unakuwaje na mle porini kuna nini, kwa hiyo naomba hapo nisiendelee.

Ni miaka sasa.

Sasa sikilizeni mambo ya ukoo wetu. Mtu akipotea moja kwa moja na mwili usionekane, wazee hukata mgomba, wakauvalisha nguo zake, wakauzika badala yake. Bila hivyo wanasema boma liko wazi, msiba haujaanza na wala haujaisha. Na boma likiwa wazi, ng'ombe wa mahari hawaingii.

Mimi nina mchumba. Ng'ombe wake walikuwa tayari siku nyingi, wakabaki kuzaliana tu huko kwao.

Mama alikataa mgomba. Wazee wakija anawapikia, anawasikiliza, halafu anawajibu vilevile kila mara: "Namba ya nyumbani anayo kichwani. Siku akipata simu atapiga. Nimwambie nini, kwamba nimemzika?"

Na kuna kitu kilikuwa kinampa nguvu. Kila mvua ikinyesha, ile simu ilikuwa inaita. Mlio mmoja tu, kisha kimya. Ukinyanyua unasikia mikwaruzo, hakuna mtu.

Mafundi wa laini walishatueleza. Waya wa shaba umezeeka, maji yanaingia kwenye kiungo pale nguzoni, simu inashtuka. Mimi niliwaamini mafundi. Mama aliamini ni Mwita anajaribu. Wingu likikusanyika tu anavuta kigoda, anakaa pembeni ya simu na kanga yake mabegani. Ilikuwa inaniumiza kumwangalia.

Basi bwana, faiba, ile intaneti ya kasi ya waya wa kioo, ikafika mtaani kwetu.

Intaneti yangu ya kwenye ule waya wa zamani ilikuwa inatambaa. Mteja anaomba chuo asubuhi, fomu inafunguka jioni. Nikaamua kuhamia kampuni iliyoleta faiba. Baba mdogo, yule anayeishi Nyamwaga ambaye ndiye mkubwa wa boma letu sasa, akasikia. Akanifuata dukani mwenyewe.

"Ghati, mimi sizunguki," akaniambia. "Iache hiyo namba ife. Mama yako utamwambia ni mambo ya mitambo. Tutazika, boma litafungwa, na wewe utaolewa."

Wakuu, ilikuwa rahisi mno. Ukifuta laini ya zamani kabla namba haijahama, namba inarudi kwa kampuni ya zamani na umeipoteza. Nisingehitaji hata kudanganya sana. Lakini nilipoingia ndani nikamkuta mama anakung'uta vumbi kwenye ile simu kwa kitambaa chake, taratibu, nikashindwa.

Nikawaambia kampuni mpya kwamba nakuja na namba yangu. Wakasema inawezekana, ila nisiguse laini ya zamani. Wao ndio wataiomba namba ikiwa bado hai, na ikishatua kwao ile laini itajifunga yenyewe. Nikafanya hivyo.

Siku ya kuhama simu ilikuwa bubu asubuhi nzima. Mama hakugusa chai. Fundi alipomaliza akachomeka ile simu ya kijivu nyuma ya ruta, akaniwekea na apu kwenye simu yangu ya mkononi, ili namba ya nyumbani ikiita nami niipokee popote nilipo. Nikapiga kujaribu. Ikaita sebuleni na mkononi kwangu kwa pamoja. Mama akacheka kama msichana.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikamwambia, "Mama, huku hakuna shaba tena. Mvua haitaipiga hii simu."

Akaniangalia. "Basi tutajua," akasema.

Mvua za kwanza zikaja. Mama akavuta kigoda. Simu haikuita. Ikanyesha tena, kubwa, bati linapigwa mpaka hatusikizani. Haikuita. Zikapita mvua nyingine, na kila moja mama anakaa, inakatika, ananyanyuka na kwenda jikoni.

Siku moja ilinyesha na hakuvuta kigoda. Alikuwa anachambua mboga. Akasema bila kunitazama, "Yalikuwa maji. Mwambie baba yako mdogo akate mgomba."

Nilienda dukani nikajifungia nikalia. Nilikuwa nimeipata ile njia ya ng'ombe wa mahari niliyokuwa naitaka, na niliona ni mimi niliyemuua kaka yangu kwa mara ya pili.

Siku ya kuzika tulifunga nyumba, tukaenda wote Nyamwaga. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Ruta niliichomoa, na swichi kubwa nikaizima kwa kuogopa radi. Hili mlishike, mtalihitaji.

Kule lilikuwa linawaka jua la kupasua kichwa. Mgomba ulishakatwa, umelazwa kwenye mkeka, umevishwa shati lake la bluu na suruali, na ile kofia imewekwa juu. Nilikuwa nimedhani nitaona kituko. Nilichoona ni kaka yangu amelala.

Vijana wakaunyanyua kuupeleka shimoni. Simu yangu ikaita.

Haikuwa simu ya kawaida, ilikuwa ile apu. Nikaangalia ni nani anayepiga nyumbani. Kwenye kioo palikuwa na namba ya nyumbani yenyewe.

Namba haijipigii, wakuu. Jaribuni muone, utapewa mlio wa laini inatumika.

Nikapokea, nikagusa spika bila kukusudia. Ikasikika mvua. Mvua ya kweli, inapiga kwenye majani na kwenye maji, na sisi pale tumekauka juani. Vijana wakasimama na mgomba mikononi.

Kisha sauti ya mwanaume ikaanza kutaja tarakimu. Polepole. Moja, kisha nyingine.

Akafika katikati akakosea.

Akaanza upya.

Msiniambie kuhusu rekodi. Ule mchezo hakuna aliyewahi kuurekodi, na nje ya sisi wanne hakuna aliyeujua. Hata baba mdogo alikuwa anashangaa tu kwa nini mtu anasoma namba. Mimi nilikuwa nalia bila sauti, na moyoni namhimiza, maliza, Mwita, maliza.

Akamaliza. Hakukosea.

Ikabaki mvua. Ilikuwa inasubiri, sijui nieleze vipi, lakini kila aliyekuwa pale aliona kwamba kuna mtu anasubiri.

Mama akaisogelea simu. Hakulia. Akasema, "Hapa ni nyumbani. Njoo."

Simu ikakatika.

Baba mdogo, ambaye sijawahi kumwona akiogopa mtu wala mnyama, alivua kofia akaishika kifuani. Mama akawageukia vijana akawaambia, "Haya. Mshusheni taratibu." Mpaka dakika ile ulikuwa mgomba. Yeye ndiye wa kwanza kuuita mtu.

Tuliporudi Bomani mlango ulikuwa umefungwa, ruta imepoa, kitambaa kiko juu ya simu. Kwenye apu hakuna rekodi ya simu iliyoingia siku ile. Nikapiga customer care. Dada wa watu akatafuta kwa moyo wote, akasema mfumo hauoni kitu. Nikamshukuru nikakata.

Nilichojifunza, kwa ambao mnataka kuhama. Usifute laini ya zamani ukiwa na haraka ya spidi. Omba namba ihame kwanza, isubiri itue, ndipo mengine. Na mjue simu ya faiba haiendi bila umeme, siyo kama ile ya shaba, kwa hiyo tafuteni betri ya kushikilia ruta. Na kabla hujasema namba ya mezani haina kazi, uliza waliomo ndani ni nani anaitegemea.

Ng'ombe waliingia. Niliolewa, na duka bado ninalo palepale kwa mama.

Namba hatujaifuta. Jana ilinyesha sana, nikiwa dukani nikajikuta nimeacha kazi natega sikio. Simu ilikaa kimya. Nikaingia ndani, mama anasonga ugali, kigoda kiko kwenye kona yake.

Nikamuuliza, "Mama, leo husubiri simu?"

"Nisubiri ya nini?" akasema. "Si ameshafika."

Mafundi wa mitambo mliomo humu, karibuni mniambie namba inawezaje kujipigia, nitasoma yote kwa adabu. Na kama kuna mwenzangu aliyewahi kupokea simu ya namna hii, nawe sema. Usiogope kuchekwa, nimeshakutangulia.